Sheria za silaha au fedha za ulinzi wa shule: mzazi wa Texas aunge mkono lipi kwanza?

Mwanangu wa darasa la pili hubeba vitabu vyake katika mkoba wa plastiki angavu, kwa sababu wilaya yetu ya elimu, pembezoni mwa Houston, hairuhusu mkoba unaoficha kilichomo. Jioni moja mwaka jana, tukiwa mezani, aliniambia, "Baba, leo tumecheza kunyamaza." Mwalimu alizima taa, akawakalisha watoto nyuma ya rafu ya vitabu, akaweka kidole mdomoni, na wote wakakaa hivyo mpaka mkuu wa shule alipotangaza kwenye kipaza sauti kwamba zoezi limekwisha. Kilichonikosesha usingizi si giza lile, bali jambo dogo alilolitaja baadaye kana kwamba si kitu: kabla ya kuzima taa, mwalimu alitoka kwanza kwenye korido kutia ufunguo upande wa nje, ndipo akarudi ndani na kuuvuta mlango, maana kitasa cha darasa lile hakifungiki kutokea ndani.

Nimeanza na kitasa kwa sababu mjadala wenyewe hupenda vitu vikubwa kuliko kitasa. Kila unapokaribia uchaguzi, na kila baada ya msiba, wazazi tunaulizwa tuko upande gani: wa sheria za kudhibiti silaha, au wa fedha za kuimarisha ulinzi wa shule. Ninaziweka njia hizo mbili sambamba hapa kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili katika jimbo hili, wawe Watanzania, Wakenya, Wakongo au Warundi, ili mtu aweze kuamua aseme nini kwanza, kwa kuwa fedha hazitoshi kila kitu na dakika za kuzungumza mbele ya bodi ya shule ni chache.

Anayeingia na bunduki ni nani

Wengi wetu tukisikia shule imeshambuliwa, picha inayotujia ni ya Garissa, ambako tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu na watu 148 wakauawa. Waliotoka mashariki mwa Kongo wana picha zao wenyewe, nazo pia ni za watu wenye silaha wanaotokea porini. Ukiwa na picha kama hizo kichwani, jibu la kwanza ni ukuta mrefu na askari langoni, na jibu hilo halina upuuzi wowote. Tatizo ni kwamba mashambulizi makubwa ya shule za Marekani hayana sura hiyo. Columbine mwaka 1999, Sandy Hook mwaka 2012, Parkland na Santa Fe mwaka 2018, Oxford mwaka 2021, Uvalde mwaka 2022, Nashville mwaka 2023: katika kila mojawapo ya misiba hiyo, aliyefyatua risasi alikuwa mwanafunzi wa shule ile au mtu aliyewahi kusoma pale. Mtu wa namna hiyo anaijua korido, anajua kengele ya chakula inalia saa ngapi, na mara nyingine lango humfungukia kila asubuhi kama linavyowafungukia wenzake.

Kitengo kinachochunguza vitisho katika Secret Service, idara ya shirikisho inayomlinda rais, kilichambua mashambulizi 41 yaliyofanywa na wanafunzi kati ya mwaka 2008 na 2017, na katika ripoti yake ya mwaka 2019 kilieleza kwamba washambuliaji wote walikuwa wameonyesha mwenendo wa kutia wasiwasi kabla ya siku ile, na kwamba takriban robo tatu ya waliotumia bunduki waliipata katika nyumba ya mzazi au ndugu wa karibu. Katika takriban nusu ya visa vya bunduki, silaha ilikuwa mahali pa kufikika kwa urahisi au haikufungiwa ipasavyo. Anayepima sheria na fedha azipime kwa mambo hayo mawili, yaani silaha iliyotoka nyumbani na dalili zilizoonekana mapema, kwa sababu njia isiyogusa lolote kati yake itasubiri mpaka risasi zianze kulia.

Upande wa sheria

Kinachoitwa kwa jumla "sheria za silaha" ni angalau mambo matatu, na mtu anaweza kulikubali moja na kulikataa jingine bila kujipinga.

Jambo la kwanza ni nani anaruhusiwa kununua. Sheria ya shirikisho inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ndefu inauzwa kwa mwenye miaka 18. Kijana aliyeishambulia shule ya Robb Elementary mjini Uvalde alijaribu, akiwa bado na miaka 17, kuwashawishi watu wasiopungua wawili wamnunulie silaha, nao wakakataa. Alitimiza miaka 18 tarehe 16 Mei 2022, na katika siku chache zilizofuata akanunua kihalali bunduki ndefu mbili za aina ya AR-15; tarehe 24 Mei aliua watoto 19 na walimu wawili. Kizuizi cha umri kilimzuia kweli, mpaka siku yake ya kuzaliwa. Florida, baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas mjini Parkland tarehe 14 Februari 2018, iliupandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21, na sheria hiyo ilitiwa saini na gavana wa chama cha Republican tarehe 9 Machi, hata mwezi haujaisha. Texas haikufanya hivyo: mswada wa kupandisha umri wa kununua bunduki za aina iliyotumika Uvalde ulipita katika kamati mwezi Mei 2023, ukakwama kabla ya kupigiwa kura na Baraza la Wawakilishi la jimbo. Kwa ngazi ya shirikisho, sheria iliyotiwa saini tarehe 25 Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, haikupandisha umri, ila ilimpa mkaguzi wa rekodi za wanunuzi muda wa hadi siku 10 za kazi kuchunguza kumbukumbu za utotoni za mnunuzi aliye chini ya miaka 21.

Jambo la pili ni amri ya mahakama ya kumwondolea mtu silaha kwa muda akionekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, ile ambayo watu huiita sheria ya bendera nyekundu. Connecticut ilikuwa ya kwanza, mwaka 1999. Florida iliiingiza katika sheria ile ile ya mwaka 2018, na mahakama zake zimetoa maelfu ya amri tangu hapo. Uzuri wake ni kwamba inashughulika na dalili, na dalili ndizo zinazotangulia. Udhaifu wake ni kwamba lazima mtu aseme, na aliyeambiwa achukue hatua. Wiki tano na ushei kabla ya Parkland, shirika la FBI lilipigiwa simu ikimtaja kijana aliyekuja kuishambulia shule hiyo, na taarifa haikufikishwa kwa ofisi ya Miami iliyopaswa kuifuatilia. Tennessee nayo inaonyesha jinsi uchaguzi huu unavyofanyika hadharani. Baada ya watu sita, watatu kati yao watoto wa miaka tisa, kuuawa katika shule ya Covenant mjini Nashville tarehe 27 Machi 2023, gavana Bill Lee wa Republican aliwaomba wabunge wa jimbo wapitishe amri ya namna hiyo. Wabunge walikataa, hata katika kikao maalumu cha Agosti, lakini walikuwa tayari wamekubali mfuko wa dola milioni 230 wa ulinzi wa shule. Texas imekwenda mbali zaidi kwa upande wa kukataa, kwa kuwa mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuzizuia amri hizo jimboni.

Niongeze neno moja ambalo hulisikii kwenye mikutano ya kampeni. Katika jamii zetu, kumpigia simu polisi kuhusu kijana wa nyumbani ni jambo zito sana, na kwa familia ambayo karatasi zake za uhamiaji hazijakaa sawa ni zito maradufu. Hata kama Texas ingekuwa na sheria hiyo, nisingetegemea itumike sana mitaani kwetu mpaka awepo mtu mwingine wa kuambiwa kwanza, kama mshauri nasaha wa shule, mchungaji au imamu.

Jambo la tatu ni utunzaji wa silaha nyumbani, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo sheria inapogusa chanzo kilichotajwa na Secret Service. Tarehe 18 Mei 2018, katika shule ya sekondari ya Santa Fe, kati ya Houston na Galveston, mwanafunzi aliua watu 10 kwa bunduki ya marisau na bastola, zote mali ya baba yake. Texas ina sheria inayomwadhibu mtu mzima anayeacha silaha mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, lakini inamtambua "mtoto" kuwa aliye chini ya miaka 17, na kijana yule alikuwa amekwisha kutimiza 17. Wazazi hawakushtakiwa kwa jinai, na katika kesi ya madai, mwezi Agosti 2024, baraza la wazee wa mahakama halikuwaona kuwa na wajibu wa malipo. Watu wakisema Texas haina sheria ya utunzaji wa silaha wanakosea kidogo. Inayo, ila ina tundu la ukubwa wa mwaka mmoja, na kupitia tundu hilo msiba mzima ulipita bila kuguswa.

Sasa tazama Michigan. Katika kesi ya shule ya Oxford, ambako wanafunzi wanne waliuawa tarehe 30 Novemba 2021, baba alikuwa amemnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola siku nne kabla. Mahakamani ilionyeshwa kufuli ya kebo iliyokuja na silaha ikiwa bado katika mfuko wake. Kwa asiyeifahamu, ni waya mnene wa chuma wenye urefu usiozidi mkono, unaopitishwa ndani ya mtambo wa bunduki na kufungwa kwa ufunguo ili risasi isiweze kuingia. Vituo vingi vya polisi hugawa kufuli hizo bure. Baba na mama walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa tarehe 9 Aprili 2024 kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja, wakiwa wazazi wa kwanza nchini kupewa hatia hiyo kwa shambulio kubwa la shule lililofanywa na mtoto wao. Waendesha mashtaka walilazimika kutumia sheria ya mauaji kwa sababu jimbo halikuwa na sheria ya kufungia silaha. Ilipitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Februari 2024. Inamtaka mwenye silaha aifungie kama anajua, au alipaswa kujua, kwamba mahali hapo kuna mtoto au huenda akawepo.

Kuna hoja kwamba polisi hawawezi kuingia nyumba kwa nyumba kukagua sefu. Ni kweli, lakini hawaingii kwenye magari pia kuhakikisha kila mtoto amefungwa mkanda, na bado wazazi wengi huufunga. Utafiti uliokusanywa na taasisi ya RAND unaonyesha kwa nguvu zaidi kuliko karibu sheria nyingine yoyote ya silaha kwamba sheria za kuzuia mtoto asifikie bunduki hupunguza vijana kujiua na watoto kuumizana kwa bahati mbaya. Kwa idadi, vifo hivyo ni vingi kuliko vya mashambulizi ya shuleni, hivyo sheria hii inaokoa watoto hata katika mwaka ambao hakuna shule iliyoshambuliwa.

Upande wa fedha

Fedha za ulinzi wa shule hutoka sehemu tatu, na mzazi akizichanganya atadanganywa kirahisi. Za shirikisho huja kama ruzuku: sheria ya mwaka 2018 iliyofuata Parkland ilianzisha ruzuku za mafunzo, teknolojia na mifumo ya kutoa taarifa, na sheria ya Juni 2022 iliongeza dola milioni 300 humo, pamoja na dola bilioni 1 za mazingira salama ya shule na dola bilioni 1 nyingine za kuajiri na kufunza wataalamu wa afya ya akili shuleni. Za jimbo hugawanywa kwa kila shule na kila mwanafunzi. Za wilaya hutokana na kodi, au na hati fungani, yaani mikopo ya wilaya, zinazopigiwa kura na wakazi.

Sheria ya Texas ya mwaka 2023, iliyojulikana kama mswada namba 3, iliagiza kila shule ya umma iwe na afisa mwenye silaha muda wote wa masomo. Fedha zilizoambatana nayo zilikuwa dola 15,000 kwa kila shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mtu yeyote aliyewahi kuajiri mlinzi hapa anajua kwamba dola 15,000 hazifikii hata nusu ya mshahara wa mwaka wa afisa aliyehitimu, na wilaya nyingi zilitumia kifungu kinachoruhusu kutoa sababu na kuweka mpango mbadala, ikiwemo kuwapa silaha watumishi. Agizo lilikuwa la jimbo, na gharama iliyobaki ikaiangukia wilaya, ambayo huitoa mahali fulani.

Je, mlinzi mwenye silaha anazuia? Parkland ilikuwa naye. Alibaki nje wakati risasi zinalia ndani, na mwaka 2023 mahakama ilimwachia huru. Wilaya ya Uvalde ilikuwa na kikosi chake cha polisi wa shule. Ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Texas ya Julai 2022 ilihesabu maofisa 376 wa vyombo mbalimbali waliofika pale, na ikapita dakika 77 kabla mshambuliaji hajauawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la JAMA Network Open, ukiangalia visa 133 vya kati ya mwaka 1980 na 2019, haukuona kwamba kuwepo kwa walinzi wenye silaha kulipunguza majeruhi. Tena vifo vilikuwa vingi zaidi palipokuwa na walinzi. Sisemi kwamba walinzi ndio walioleta vifo, kwa maana huenda shule zenye hatari zaidi ndizo huweka walinzi. Tena haki itendeke: katika shule ya Apalachee huko Georgia, tarehe 4 Septemba 2024, polisi wa shule walimfikia mshambuliaji wa miaka 14 ndani ya dakika chache, akajisalimisha. Wanafunzi wawili na walimu wawili walikuwa wamekwisha kufa, lakini hesabu ingeweza kuwa kubwa zaidi. Mlinzi mzuri hupunguza urefu wa msiba. Kijana ambaye mara nyingi hana nia ya kutoka hai, mlinzi hamtishi sana.

Vitu vya mlangoni vina hadithi tofauti. Tume iliyoundwa Connecticut baada ya Sandy Hook, ambako watoto 20 na watumishi sita waliuawa tarehe 14 Desemba 2012, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2015 kwamba ushahidi ulioletwa mbele yake haukuwa na tukio hata moja ambalo mshambuliaji alivunja mlango wa darasa uliofungwa kwa kufuli. Mlango mkuu wa shule ile ulikuwa umefungwa. Aliingia kwa kupiga risasi kioo cha pembeni. Nashville ilikuwa vivyo hivyo, vioo vya milango vikafyatuliwa risasi. Akishaingia, kinachobaki kati yake na watoto ni mlango wa darasa. Na kitasa cha darasa namba 111 pale Robb Elementary kilijulikana kuwa kibovu, lakini hakuna aliyejaza fomu ya kuomba kitengenezwe. Baadhi ya walimu walikuwa wakiegemeza milango kwa mawe kwa sababu funguo hazikutosha. Wilaya ile ilikuwa na uzio, programu ya kufuatilia mitandao ya kijamii na sera iliyoandikwa vizuri kwamba milango ifungwe.

Hapo ndipo ninapowaudhi wauzaji wa kamera. Fedha nyingi za ulinzi huishia kwenye vitu vinavyopigika picha siku ya uzinduzi, kama lango jipya, kamera zenye akili bandia au mashine ya kugundua chuma, ilhali kitasa kinachofungika kwa ndani hakina uzinduzi. Kitufe cha dharura kimeepuka hatima hiyo kwa sababu familia ya binti mmoja aliyeuawa Parkland iliifanya kuwa sheria jimbo kwa jimbo, kuanzia New Jersey mwaka 2019. Texas iliipitisha mwaka 2023, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 kila darasa linatakiwa kuwa na njia ya kuita msaada kimya kimya. Ni jambo zuri na la bei nafuu, na kule Apalachee walimu walikuwa wamepewa vitambulisho vyenye kitufe hicho siku chache tu kabla.

Washauri nasaha na wanasaikolojia ndio matumizi ya fedha yanayogusa dalili. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi uko juu ya hapo. Asubuhi ya msiba wa Oxford, mwalimu aliona mchoro wa bastola na maneno ya kuomba msaada kwenye karatasi ya hesabu ya yule kijana. Wazazi waliitwa, wakakaa na mshauri dakika chache, wakakataa kumchukua nyumbani. Mkoba haukupekuliwa, akarudishwa darasani, na risasi zikaanza saa mbili hivi baadaye. Mshauri alikuwepo. Kilichokosekana ni mafunzo, utaratibu wa kupima tishio na swali moja kwa wazazi: je, nyumbani kuna bunduki? Kwa hiyo kununua "mshauri" bila kununua utaratibu ni kama kununua kitasa bila ufunguo. Mahali utaratibu ulipofanya kazi, matokeo hayaonekani kwenye habari. Ripoti ya Secret Service ya mwaka 2021 ilikusanya njama 67 zilizozuiwa, na mara nyingi aliyesema kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzao.

Zikiwekwa sambamba

Kwa wakati zinapofanya kazi, sheria ya utunzaji na amri ya mahakama hukaa wiki au miezi kabla. Mshauri hukaa siku au saa kabla. Kitasa, kitufe na mlinzi huhesabu dakika. Kwa gharama ya hazina, sheria karibu ni bure, na hiyo ndiyo ajabu, kwa sababu kisiasa ndiyo ghali kupita zote. Fedha hupita kirahisi bungeni kwa kuwa hazimkeri mtu mwenye bunduki wala asiye nayo. Kwa kudumu, sheria ikishapita hubaki mpaka bunge lingine liivunje au mahakama iitengue, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 katika kesi ya Bruen, uliopanua haki ya kubeba silaha, kesi za kupinga sheria za silaha zimeongezeka. Fedha ni dhaifu zaidi ya hapo. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha takriban dola bilioni 1 za zile ruzuku za afya ya akili zilizotokana na sheria ya mwaka 2022, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani, huku mshauri aliyeajiriwa kwa ruzuku akisubiri kujua kama ana kazi muhula ujao.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwa mpiga kura wa Texas ina uzito kuliko zote, nayo haijadiliwi. Fedha za hati fungani haziruhusiwi kulipa mishahara. Zinaweza kujenga uzio, kununua kamera, kubadilisha vitasa. Haziwezi kumlipa mshauri hata mwezi mmoja. Basi karatasi ya kura inapokuuliza kama unakubali hati fungani kwa ajili ya "usalama wa shule", imekwisha kukuchagulia: unachagua kati ya vifaa na kutokuwa na vifaa. Washauri wamo katika bajeti ya kawaida, inayopitishwa na bodi katika kikao cha jioni ambacho mara nyingi viti vyake ni vitupu.

Uchaguzi wangu, na wako

Kama ningelazimishwa kuunga mkono jambo moja tu kwa ngazi ya jimbo, ningechagua kuziba lile tundu la Santa Fe, yaani kupandisha umri katika sheria ya utunzaji kutoka 17 hadi 18, na kuongeza wajibu wa kufungia. Ni dogo kuliko kupandisha umri wa kununua, halimnyang'anyi mtu silaha yake, na kwa hiyo lina nafasi ya kupita katika bunge hili la Texas, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu bendera nyekundu. Aliye na matumaini zaidi yangu aunge mkono umri wa miaka 21. Florida imeonyesha kwamba si ndoto.

Kwa ngazi ya wilaya, ningeanza na vitasa vya madarasa, kisha washauri na mafunzo ya kupima tishio, na mlinzi baada ya hapo, ikiwa fedha zimebaki. Anayeishi katika wilaya ambayo kituo cha polisi kiko nusu saa mbali ana haki ya kumweka mlinzi juu zaidi katika orodha yake, nami nisingebishana naye. Ambaye shule ya mwanawe tayari ina vitasa vizuri na vitufe asipoteze pumzi kudai kamera za ziada. Aulize wanafunzi wangapi wanamtegemea mshauri mmoja. Na mwenye bunduki nyumbani, na wapo wengi katika jamii yetu siku hizi, hasa wanaofanya kazi ya ulinzi wa usiku, hahitaji kusubiri bunge wala bodi: akifika kituo cha polisi mara nyingi atarudi na kufuli ya kebo bila kulipa senti.

Ambaye hajapata uraia hapigi kura, lakini bodi ya shule haiwezi kumzuia kuzungumza juu ya jambo lililo kwenye ajenda. Kadi ya kuomba nafasi hujazwa kabla kikao hakijaanza, na ajenda hubandikwa kwenye tovuti ya wilaya siku kadhaa kabla. Sheria ya Texas inasema pia kwamba anayezungumza kupitia mkalimani apewe angalau maradufu ya muda wa wengine, isipokuwa bodi ikiwa inatumia vifaa vya tafsiri ya papo kwa papo. Bodi isiyo na vifaa hivyo ikitoa dakika tatu, anayezungumza Kiswahili kupitia mkalimani ana sita. Mimi nilijaza kadi yangu kuhusu kitasa. Mwezi uliofuata fundi alikuja, na darasa la mwanangu sasa lina kibonyezo upande wa ndani. Madarasa mengine kumi na moja ya korido ile bado yanasubiri bajeti.